Vidonge Vinne vya Asubuhi

Kikohozi nakijua. Sijisifu, ni kazi yangu. Kile cha vumbi la Garissa kinakwaruza kooni, mtu anatema mate, anaendelea na shughuli zake. Kuna kingine kinachotoka chini kabisa, kama mtu anaburuta gunia kwenye sakafu ya saruji, na kikishapita mwenyewe anashika ubavu na kungoja kwanza kuona kama kweli kimekwisha. Mama aliyekuwa akituuzia maziwa ya ngamia sokoni alikuwa na hicho cha pili.

Nilikisikia nikiwa kwenye foleni, nyuma ya wanawake watatu. Aligeuza uso, akakohoa kwenye kona ya shali yake, akaendelea kumimina maziwa kutoka kwenye mtungi wa njano bila kumwaga hata tone. Zamu yangu ilipofika nikamwambia polepole, "Mama, hicho kikohozi kina muda gani?"

"Habana, abaayo," akasema, kwa ulimi wa Kisomali usiotamka p wala v. "Hii ni fumbi ya barabara tu."

Aliniita abaayo, dada, kama wanavyoitana wanawake wa Kisomali, ingawa alijua mimi si Msomali. Kwetu ni upande wa mto, kwa watu wa mashamba ya ndizi. Kiswahili ni cha nyumbani, Kisomali nimekiokota mtaani tangu utotoni. Wakati huo nilikuwa na miaka kadhaa katika kazi ya mhudumu wa afya ya jamii. Nilipita nyumba hadi nyumba katika bula yetu, yaani mtaa wetu, nikitafuta wanaokohoa, nikiwapeleka zahanati watoe makohozi, na waliokutwa na kifua kikuu nikihakikisha wanameza dawa mpaka mwisho.

Nilirudi sokoni kesho yake, na kesho yake tena. Siku ya tano akanifuata mwenyewe nyuma ya duka la mikeka, akaangalia huku na huku, akaniuliza kama ile mashine ya makohozi ina uwezo wa kusema uongo. Nikamwambia haina. Akasema basi nipe kikopo.

Majibu yalitoka siku iliyofuata. Alikuwa na kifua kikuu. Nilipomwambia hakulia wala hakupiga kelele, na hilo lilinishangaza, kwa sababu nimewaona wanaume wenye ndevu nyeupe wakikaa chini mavumbini kwa kusikia maneno hayo. Wasomali wana jina lao la ugonjwa huo, qaaxo, na jina hilo halitajwi mbele za watu. Watu huamini unakwenda na damu, baba kwa mwana. Nyumba iliyotajwa kuwa na qaaxo haioi wala haiolewi, na chai yake hainywewi. Watu husema wana pumu, au kifua, au hewa mbaya. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akapumua, akauliza kitu kimoja tu: "Dawa iko?"

"Ipo. Vidonge vinne kila siku, kwa miezi sita. Utapona."

"Finne," akarudia, kama mtu anayepima kitu akilini.

Alitoa masharti. Nisije kwake na kile kizibao chetu chenye maandishi mgongoni. Nisije na mtu mwingine wa afya. Na nikija nije na birika, kama mteja aliyekuja kuchukua maziwa nyumbani. Nilikubali. Kila asubuhi nilivaa buibui, nikabeba birika dogo la plastiki, na ndani yake nikaweka vidonge vinne vilivyofungwa kwenye karatasi.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, mabati juu, ukuta wa matofali, ua wa miba na mlango wa bati. Siku ya kwanza nilimsomea maswali ya fomu, kwa kuwa sheria ni kuwapima wote wanaolala chini ya paa moja na mgonjwa.

"Nani mwingine analala hapa?"

"Mimi na ukuta."

"Mumeo?"

"Yuko na ngamia, mbele ya Habaswein. Mwaka huu sijamwona."

"Watoto?"

Akasema ana binti mmoja tu, mkubwa, ameposwa na mfanyabiashara wa El Wak, na sasa yuko Mandera kwa shangazi yake anatayarishwa kwa harusi. Alisema hivyo kwa fahari. Nikaandika kwenye fomu: mtu mmoja. Pazia la chumba cha ndani lilikuwa limeshushwa. Sikuwa na sababu ya kuliangalia mara mbili.

Wiki zile za mwanzo nilimwona akimeza kwa macho yangu. Nilimwekea vidonge kiganjani, akaviweka mdomoni, akanywa maziwa, akakohoa kidogo kwenye kona ya shali, tukaanza mazungumzo. Nami nikatia alama kwenye kadi. Alikuwa mcheshi kuliko alivyoonekana sokoni. Aliniiga ninavyosema Kisomali, nami nikamwiga anavyosema "bilibili". Alinieleza jinsi ya kumtambua ngamia anayenyonyesha kwa kumtazama kutoka mbali tu. Nilianza kuipenda ile nusu saa ya asubuhi. Nyumbani nina watoto watatu na mume anayesinzia mbele ya taarifa ya habari, na sikuwa nimepata rafiki mpya kwa muda mrefu.

Kisha Ramadhani ikaingia. Dawa asingeweza kumeza mchana, angemeza wakati wa daku, na mimi wakati huo niko kwangu napika. Nikampa vidonge vya wiki nzima mkononi mwake. Kila Jumatatu nilimpelekea vingine, na kwenye kadi nikatia alama saba kwa mpigo, za siku ambazo hazijafika. Wenzangu wengi hufanya hivyo mwezi ule. Lakini Ramadhani ilipokwisha, sikurudi kwenye utaratibu wa zamani. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na wagonjwa wengine wanane, na huyu nilimwamini. Nikaendelea na alama saba kila Jumatatu.

Walipompima tena, makohozi bado yalikuwa na vijidudu. Daktari wa kliniki ya kifua, kijana mpole anayependa kuongea huku akiandika, aliacha kuandika.

"Anameza kweli?"

"Anameza."

"Unamwona?"

"Namwona kwa macho yangu, daktari. Wallahi."

Niliapa. Hakuna aliyenilazimisha kuapa. Mpaka leo nikikumbuka hilo neno uso wangu unapata moto, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Yeye akaniamini kama mimi nilivyomwamini yule mama. Akasema basi lazima tujue kwa nini dawa haifanyi kazi, na sampuli ikapelekwa Nairobi kwenye maabara kubwa. Wiki chache baadaye akasema wanahitaji makohozi mengine. Akanipa kikopo. Ilikuwa Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo sijawahi kwenda kwa yule mama. Nilimpigia simu, haikupatikana. Nikaona nipitie tu.

Mlango wa bati ulikuwa umeegeshwa. Nikaita, "Abaayo, upo?" Nikaita tena. Ndipo nikasikia kikohozi kutoka chumba cha ndani, kile kile cha gunia, halafu kikazibwa ghafla kwa kitambaa. Kikaja kingine, kikazibwa vile vile. Nilidhani ameanguka. Nilidhani anatapika damu na anaona haya kuniita. Nikavua viatu, nikaingia, nikaliinua pazia.

Hakuwa yeye.

Kwenye godoro, mgongo ukutani, alikaa msichana wa miaka kama kumi na tisa. Alikuwa amekandamiza mtandio mdomoni kwa mikono yote miwili. Mifupa ya mabega ilisimama chini ya dira, gauni lake pana la Kisomali. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kipande cha boksi na joto la mle ndani lilinipiga usoni. Alinitazama bila kupepesa. Mimi nilimtazama, nikatazama sakafu, na pale sakafuni, karibu na mguu wangu, kulikuwa na beseni la mkojo ambalo halijamwagwa.

Mkojo ule ulikuwa na rangi ya soda ya machungwa.

Sijui niliweka wapi kikopo nilichokuwa nacho. Naijua ile rangi. Ni mimi ninayewaambia wagonjwa wasiogope wakiiona, kwamba ni dawa yetu inayotoka, kwamba hata machozi na jasho huweza kubadilika. Hakuna chakula kinacholeta rangi hiyo kwa mtu anayelala kwenye joto akikohoa. Nikachuchumaa, nikashika ukingo wa godoro la mtu nisiyemjua.

"Eeddo," akasema, akaniita shangazi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kunong'ona. "Usibige kelele. Majirani."

"Wewe ni nani?"

Alinijibu huku akijua kwamba tayari ninajua. Alikuwa binti wa yule mama. Hakuwa Mandera. Hakuwahi kwenda Mandera. Alikuwa nyuma ya lile pazia kila asubuhi nilipokuja na birika langu, akinisikia nikicheka.

"Unakunywa dawa ya nani?"

"Ya hooyo."

"Mama yako anakugawia?"

Akatikisa kichwa kukubali. Mwanzoni, akasema, viwili kwa viwili. Mama yake alikuwa akimeza viwili mbele yangu na viwili anaviweka shavuni, halafu anakohoa na kuvitema kwenye kona ya shali. Mimi nikishaondoka anamletea. "Filikuwa fimelowa mate yake," akasema msichana, akainamisha uso. Mfungo ulipoanza na vidonge kuanza kubaki nyumbani, mama yake alibadilisha mgao. Msichana vitatu, yeye kimoja.

"Nilimwambia habana. Alisema yeye ana nguvu."

Ile kona ya shali! Nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwayo, asubuhi baada ya asubuhi, na kadi mapajani. Tukakaa vile mimi na yeye, na nzi wakizunguka beseni, mpaka tuliposikia mlango wa bati ukiburutwa.

Mama yake aliingia na mitungi miwili mitupu. Aliona viatu vyangu nje, kwa hiyo alipofika penye pazia uso wake ulikuwa tayari umekwisha kujua. Aliweka mitungi chini polepole, mmoja, halafu wa pili.

"Kwa nini?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Kwa nini hukuniambia? Dawa ni bure! Ningempa na yeye dawa yake, kamili, kadi yake, kila kitu!"

"Kadi," akasema. "Kadi ina jina."

"Na wewe yako haina jina?"

"Mimi ni mzee. Nimeolewa, nimezaa. Wakisema, waseme mimi. Huyu bado hajaanza."

Hapo ndipo aliponieleza, akiwa amesimama, bila kulia, kama mtu anayesimulia safari. Binti ndiye aliyeugua kwanza. Alikohoa miezi mingi kabla hata ya posa. Posa ilipokuja mama yake aliogopa kuipeleka mbele na akaogopa zaidi kuikataa, maana wangeuliza sababu. Akamfungia ndani, akatangaza kwamba amekwenda Mandera. Alimpa asali, alimpa mafuta ya samli, alimwita mtu wa kusoma Kurani. Msichana akazidi kukonda. Kisha siku moja sokoni, yeye mwenyewe akaanza kukohoa.

"Ile siku," akasema, "nilibofika nyumbani nilisali rakaa mbili. Za shukrani."

Nilidhani sijamwelewa. Nikamuuliza kwa Kisomali. Akarudia kwa Kisomali, maneno yale yale.

"Nilijua sasa dawa itaingia nyumba hii, na itaingia kwa jina langu."

Nimeshawaona watu wakifa katika kazi hii. Nimeona mtoto akipimwa na kupatikana mwepesi kuliko mfuko wa unga. Sijawahi kusikia kitu kilichonikata pumzi kama kile: mtu aliyeshukuru kwa kuambukizwa. Nilipandwa na hasira, kisha ikaniacha katikati, nikabaki sina cha kushika. Binti alikuwa amegeukia ukuta. Mama yake akaenda akamwaga lile beseni nje, akarudi, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Kesho yake nilikwenda kliniki nikamwambia daktari yote. Yote, pamoja na Ramadhani, na alama saba, na kiapo. Aliichukua kadi, akaitazama mstari kwa mstari, zimejaa vizuri zile alama, hakuna pengo hata moja.

"Kwa hiyo hizi ni za nini?" akauliza.

Hakunifukuza. Alisema nitaandika barua ya maelezo, kwamba kuanzia wiki ile kadi zangu zote zitakaguliwa na muuguzi, na kwamba leo hii, kabla ya mambo mengine, tumpime msichana. Nilimleta mwenyewe, amejifunika nikabu, tumepita njia za nyuma. Njiani alitembea kama mtu anayejifunza. Alikuwa hajaona jua la mchana kwa miezi.

Mama alitoa makohozi mengine yakaenda Nairobi, na majibu yake na ya msichana yalikuja katika wiki moja. Daktari alitukalisha watatu nje, chini ya kivuli cha turubai, maana wagonjwa wa kifua haongei nao ndani ya chumba. Alimweleza mama kwa maneno mepesi, nami nikatafsiri. Kidonge kimoja kwa siku hakiui vijidudu, kinavizoesha. Vijidudu vya kifuani mwake sasa vimeizoea dawa ile, haviiogopi tena. Ni kifua kikuu sugu. Atahitaji dawa nyingine, kali zaidi, na atalazwa kwanza mahali pa peke yake.

"Na yeye?" mama akauliza.

Daktari akasema msichana vijidudu vyake bado vinaisikia dawa ya kawaida. Vidonge vitatu vya mama yake vilikuwa vimemsogeza mbele. Ataanza upya, kwa kipimo chake mwenyewe, na kwa uwezo wa Mungu atapona.

Yule mama aliinua mikono yote miwili akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyowafanya watu waliokuwa kwenye foleni wageuke. Uso wake uling'aa. Nilikuwa nimemaliza kumtafsiria kwamba ana ugonjwa unaoweza kumuua, na uso wake uling'aa. Daktari alinitazama kama anayetaka kuhakikisha nimetafsiri sawasawa. Nilikuwa nimetafsiri sawasawa.

Kwangu tulipimwa wote watano. Niliwapanga wanangu uani asubuhi na vikopo vyao na sikuweza kuwatazama machoni. Hatukupatikana na kitu. Mume wangu hakusema neno la lawama, na ningependa angesema.

Mama alilazwa. Wiki ya kwanza alikula, alitania wauguzi, aliuliza nani sasa anauza sehemu yake sokoni. Nilikuwa nakwenda na binti yake kila siku, tunasimama upande unaotoka upepo, barakoa usoni. Msichana alichukua ile kazi yangu. Alimpa mama yake vidonge, halafu akamwambia, "Fungua mdomo, hooyo. Inua ulimi. Shavu hili. Na hili." Mama yake alitii kama mtoto na macho yake yakawa yanacheka. Mimi nilitazama kando.

Habari ilifika El Wak, sijui kwa mdomo wa nani. Kaka wa mchumba alipiga simu. Msichana alikuwa amekaa na mimi kwenye benchi la hospitali, akaweka sauti ya nje bila kujua, nikasikia yote. Ilikuwa salamu, halafu sentensi mbili za kuvunja posa, halafu dua ya kumtakia afya. Alizima simu akaiweka mapajani.

"Mchumba mwenyewe nimemwona mara moja tu," akasema baadaye. "Alikuwa na meno mazuri." Kisha akaniuliza kama mama yake ni lazima ajue. Hatukumwambia. Lakini nadhani alijua, maana tangu siku ile hakuuliza tena habari za harusi.

Alfajiri moja ya wiki ya tatu muuguzi alinipigia simu. Damu ilikuwa imemtoka yule mama kifuani, nyingi, kwa ghafla, na hawakuwahi kufanya lolote. Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Nilimsikia akisema pole, nikamsikia akisema jina la marehemu, na bado nikamuuliza anamaanisha mgonjwa gani.

Kilichofuata sikukitegemea, na mimi ni mwenyeji wa mji huu. Maiti haikupata wa kuiosha. Wanawake wanaoosha katika bula yetu nawajua kwa sura, nimekwenda nao misiba mingi. Mmoja aliumwa mgongo. Mwingine alikuwa amesafiri, ingawa nilisikia sauti yake ndani ya nyumba akimwambia binti yake aseme amesafiri. Wa tatu aliniambia kweli, mlangoni, kwa upole kabisa: "Ana qaaxo. Nina wajukuu." Nilimweleza kwamba maiti haikohoi. Akanifungia mlango taratibu.

Tulimwosha watatu. Mimi, binti yake, na mama mmoja mkimbizi kutoka kambi za Dadaab aliyekuwa akikaa na marehemu benchi moja sokoni akiuza maziwa. Huyo alikuja bila kuitwa, akakunja mikono ya nguo, akavaa glavu nilizompa bila kuuliza za nini. Alikuwa anajua utaratibu wote. Mimi nilimwaga maji. Nilishangaa jinsi marehemu alivyokuwa mdogo wa mwili. Chini ya zile shali mbili tatu alizovaa kila siku hakukuwa na mtu, palikuwa na mbavu na ngozi tu. Msichana alimwosha nywele mamake, akazisuka misuko mitatu. Mimi ndiye niliyelazimika kutoka nje nishike ukuta.

Baba yake msichana alifika kutoka maporini siku ya mazishi jioni, mrefu, kimya, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa hajui lolote. Binti yake alimweleza kila kitu nje ya ua, nikiwa nawaona kwa mbali. Aliposikia mpaka mwisho alikaa chini palepale, kwenye mchanga, akafunika uso kwa kikoi chake, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Siku ya tatu wanawake walikuja kutoa pole. Hilo hawakuweza kulikwepa, lingeonekana. Walijaa mikekani wakiwa karibu na mlango, na wengi chai walishika bila kunywa. Walizungumza juu ya pumu ya marehemu. Pumu ni mbaya, walisema, inachukua watu ghafla. Mimi nilikaa kona nikiwa na haya zangu, kwa kuwa nilifunzwa kutunza siri za wagonjwa na pia kwa kuwa nilikuwa mwoga.

Msichana alikuwa anapita na sinia la tende. Akaliweka chini. Akasimama katikati ya chumba, na akaongea Kisomali polepole, bila kupandisha sauti.

"Mama yangu hakuwa na pumu. Alikuwa na qaaxo. Mimi nilikuwa nayo kwanza, nikampa yeye. Alinipa dawa yake ndiyo maana mimi nimesimama na yeye amelala. Nilikaa nyuma ya pazia hilo kwa sababu yenu."

Kikombe kilianguka mahali fulani. Mwanamke mmoja akavuta mtandio puani, na baada yake wengine watatu wanne wakafanya hivyo hivyo. Mzee mmoja wa kike akaanza kusema "Astaghfirullah" mfululizo. Wawili waliinuka wakatoka bila kuaga. Yule mama wa Dadaab hakusogea. Alichukua kikombe chake, akainywa chai yote mpaka chini, akamnyooshea msichana amwongezee. Msichana akamwongezea.

Nilidhani sasa wataondoka wote, na kwamba hakuna mlango katika bula hii nitakaofunguliwa tena. Wengi waliondoka kweli. Niliaga nami nikatoka, nikatembea kama hatua hamsini hivi, nikasikia viatu nyuma yangu. Alikuwa ni yule wa kwanza kabisa kuvuta mtandio puani.

Hakunitazama. Alitazama barabara.

"Mama mkwe wangu," akasema. "Tangu kabla ya Ramadhani. Amekonda sana. Tunasema ni kisukari."

"Anatoa jasho usiku?"

"Tunabadilisha shuka."

"Na watoto wanalala naye?"

"Wawili," akasema.

Nikamwambia twende sasa hivi. Akageuka kuangalia kama kuna mtu anatuona, na watu walikuwepo, wamesimama kwenye kivuli cha duka wakitutazama waziwazi. Nilitegemea atarudi nyuma. Akarekebisha mtandio kichwani, akatangulia mbele, na mimi nikamfuata.